Madoa Meusi ya Mwalimu Tupokigwe

Mpendwa wetu Mwalimu Tupokigwe Mwaisumo alizaliwa tarehe 14 Mei 1960 wilayani Rungwe, akasoma shule ya msingi hukohuko na sekondari Mbeya mjini, akahitimu ualimu mwaka 1982 na kupangiwa kazi Dar es Salaam mwezi uliofuata, maana enzi hizo mhitimu alikuwa anapewa kituo kabla jasho la mahafali halijakauka, jambo ambalo sie wanawe wenye digrii tunalisikiaga kama hadithi za sungura.

Alifundisha Tabata hadi alipostaafu mwaka 2020, alifunga ndoa na marehemu baba yetu Gaspar tarehe 7 Desemba 1985, wakajaliwa Augustine, Herieth na Brightson.

Agosti 2016 alifanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye ovari, daktari akakuta madoa meusi kwenye utando wa tumbo, kama masizi ya sufuria, akakata kipande kiende maabara, akatuambia yanafanana na saratani iliyosambaa ila tusubiri majibu, na sie kwa masikio yetu ya kiukoo tukasikia "iliyosambaa" tu. Mgonjwa hajazinduka vizuri, grupu la wasap limeshafunguliwa, baba mdogo Stanley ni mwenyekiti wa kamati ya msiba, kitenge cha zambarau cha sare ya msiba kimeshanunuliwa, na gari limekodiwa limpeleke Tukuyu akafie kwao. Mama, akiwa na nyuzi tumboni, akamjibu baba mdogo, "Shemeji, mie nimesahihisha mitihani tangu ujana wangu, sijawahi kutangaza matokeo kabla ya kusahihisha. Sitoki hapa."

Alisubiri wiki tatu, na hofu alikuwa nayo, Herieth alimkuta akilia chooni, lakini majibu yakaja kwamba ni rangi tu, ileile inayotupa weusi wa ngozi, imejikusanya pasipo pake, jambo adimu lisilodhuru, saratani hakuna, full stop. Kile kitenge akakidai, akashona gauni, akalivaa kanisani Jumapili iliyofuata, na kamati nzima ikakaa benchi la nyuma.

Tarehe 9 Machi mwaka huu alipata kiharusi nyumbani Tegeta, akafariki tarehe 11.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani, walimu wenzake, na zaidi bingwa yule wa maabara tusiyemjua hata jina, aliyekitazama kipande kile kwa darubini bila haraka, wajukuu hawa wawili waliokaa mbele wamemjua bibi yao kwa sababu ya bingwa huyo.

Mama, umeondoka kwa siku yako, si kwa siku yetu. Pumzika kwa amani.