Mzee Felisiani Hategekimana, Mwenyeji wa Pori la Misambi (1956–2025)

Mzee Felisiani Hategekimana alizaliwa tarehe 4 Machi 1956 huko Kibungo, Rwanda, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Nshimiyimana na Mama Esperansia. Machafuko yalipozuka, wazazi wake walivuka mpaka kuingia Tanganyika mwaka 1961. Marehemu alikuwa akisema kwamba katika safari ile yote anakumbuka kitu kimoja tu, nacho ni mgongo wa mama yake. Familia ilipokelewa vizuri wilayani Ngara, ikapewa mahali pa kujenga na kulima. Hapo ndipo alipoanza kuitwa mgeni, na jina hilo lilimganda zaidi ya miaka hamsini, hata alipokuwa amesahau kabisa njia aliyojia.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Ngara na kumaliza darasa la saba mwaka 1971. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, na yeye mwenyewe hakupenda tumsifie uongo. Mwaka 1972 aliingia karakana ya useremala ya misheni, akatoka fundi kamili mwaka 1975. Viti vingi ambavyo ninyi waombolezaji mmevikalia leo vimepita kwenye randa yake, na kama kuna kinachocheza, si cha kwake.

Mwaka 1983 alikwenda Bukiriro, hukohuko Ngara, kuposa. Binti aliitwa Deodata, Mhangaza mwenyeji, wa ukoo mkubwa, na baba yake, Mzee Anatoli, hakuwa mtu wa kuchezea. Aliwasikiliza washenga mpaka mwisho, kisha akamgeukia kijana mwenyewe na kumuuliza, "Makaburi ya kwenu yako wapi?" Kwa wazee wetu, mtu wa mahali ni yule anayeweza kuonyesha makaburi ya watu wake. Washenga wakainamisha vichwa. Felisiani akajibu kwa adabu, "Baba, hapa bado hatuna. La kwanza litakuwa langu."

Mzee Anatoli akacheka, na ndoa ikafungwa tarehe 15 Oktoba 1983. Mungu aliwajalia watoto wanne. Lakini Mama Deodata anatuambia kwamba mumewe hakuwa anatania siku ile, na kwamba swali la baba mkwe alitembea nalo maisha yake yote.

Mwaka 1987, akiwa tayari raia wa Tanzania, alihamia Nyantakara, wilayani Biharamulo, na serikali ya kijiji ikampa ardhi. Nusu ilikuwa ya kulima. Nusu nyingine ilikuwa bonde lenye miti mikubwa, na chini yake mafunjo na maji, mahali wanapozalia korongo wale wenye taji kichwani, ambao huku kwetu tunawaita misambi. Nusu ya kwanza aliilima. Ya pili hakuigusa. Hata mbao za kazi yake alizinunua mjini Biharamulo akazibeba kwa baiskeli, akipita kando ya miti yake mwenyewe. Watu walimcheka sana. Huku kwetu mwenye pori ni mvivu, na hakuna namna nyingine ya kulitafsiri neno hilo.

Mwaka 1995 wazazi wake na mdogo wake walirudi Rwanda, wakamwomba waondoke wote. Aliwasindikiza hadi mpakani, akalia kama mtoto, akarudi Nyantakara. Wazee wale walifia huko na kuzikwa huko. Kwa hiyo alibaki hapa bila hata kaburi moja la kuonyesha.

Sasa tufike mwaka 2021, maana ndipo alipokaribia kupoteza kila kitu. Katika mkutano wa kijiji wa mwezi Agosti ilielezwa kwamba vijana hawana mashamba huku bonde zima limelala bure. Jirani yake, Bwana Maduhu, ndiye aliyesimama na kusema, "Mgeni anatufungia ardhi. Kama hana kazi nayo, tugawane wenye nguvu." Maduhu mwenyewe yupo hapa na ametupa ruhusa tuseme hivyo. Kijiji kikampa marehemu mpaka kiangazi kijacho aonyeshe kazi inayofanyika katika lile pori, la sivyo lipimwe na kugawiwa.

Alirudi nyumbani, akakaa, hakula. Kisha akasema, "Mimi ni seremala. Nitawatengenezea watu mahali pa kukaa, waje waangalie ndege." Magari ya watalii yalikuwa yameanza kupita barabara kuu kuelekea hifadhini, naye alikuwa ameyaona. Akachonga mabenchi, akafyeka njia nyembamba hadi ukingo wa mafunjo, akajenga kibanda cha miti cha kujificha ili misambi wasishtuke. Barabarani akasimamisha kibao alichokiandika kwa mkono wake: KARIBUNI WAGENI. Binti yake Uwase alimshauri aandike watalii. Alikataa.

Januari 2022 gari la kwanza lilikata kona. Walishuka wazungu wawili, mume na mke, pamoja na dereva wao kutoka Mwanza. Marehemu aliwapeleka bondeni, wakawaona misambi wakicheza, wakashika vinywa. Kisha akawakalisha nyumbani, akawapa ndizi, maharage na maziwa ya mgando, na walipotoa pochi alikasirika kweli. "Nani ameona mgeni analipia chakula?" Akawasindikiza mpaka barabarani kama ilivyo desturi, na asiwaache waondoke mikono mitupu, akawapa jogoo. Wazungu wakamkabidhi dereva jogoo huyo.

Ikawa hivyo gari baada ya gari. Banda la kuku likaanza kupwaya, hela haionekani, kiangazi kinakaribia. Mtendaji wa kijiji alipopita kuuliza hiyo kazi iko wapi, alikuta mabenchi mazuri na mzee mwenye furaha. Akamuuliza kwa upole, "Mzee wangu, hii ni biashara au ni sikukuu?"

Mama Deodata ndiye aliyeokoa jahazi. Alimwambia mumewe, "Wewe baki na desturi yako. Mtu huwa mgeni akishakaa kwenye kiti chako, sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi pale getini, njia inapoanzia, hajakaa. Pale bado ni mpita njia tu. Mimi nitakaa getini."

Marehemu aliigeuza hoja ile kila upande, akakosa pa kuipinga. Tangu siku hiyo kiingilio kililipwa getini kwa Mama Deodata, na ndani Mzee Felisiani aliendelea kulisha watu na dhamiri yake imetulia. Ila kwenye kuku hakukubali mazungumzo.

Na hapo ndipo alipotushinda wote, kwa sababu kuku ndio walioijenga ile biashara. Madereva wa Mwanza waliambizana kwamba kuna mzee Nyantakara ambaye hamwachi mtu arudi mikono mitupu. Kila dereva aliyekuwa na watalii wa kwenda hifadhini akawa anakumbuka kwamba njiani kuna ndege wazuri sana. Ilipofika Julai magari yalikuwa yanapangana barabarani. Wanawake wa kijiji wakaleta vikapu na asali, na mke wa Maduhu akawa anauza maziwa pale getini.

Mkutano wa Agosti 2022 ulipoitwa, marehemu alivaa koti lake la harusi. Kabla hajapewa nafasi ya kujitetea, Maduhu alinyanyuka. "Mwaka jana nilisema pori hili halina kazi. Sasa nyumbani kwangu watoto wanasomeshwa na pori hili. Anayetaka kuligawa aanze na mimi." Mikono ikanyooshwa, pori likabaki zima. Mwaka uliofuata Mzee Felisiani na Mama Deodata walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi ile, yenye majina yao wote wawili. Tunaona fahari kusema kwamba leo watoto wa shule za Nyantakara na Nyamahanga wanaingia bure kuwaona misambi, na hapa kijijini neno pori limeanza kutamkwa kwa heshima.

Alikuwa na vituko vyake pia. Kila mgeni alifundishwa shikamoo kabla ya kuonyeshwa ndege hata mmoja. Siku moja mzungu mwenye miaka themanini na mitatu alimwamkia vizuri sana, "Shikamoo, mzee." Marehemu aliruka kutoka kwenye kiti, akakataa kuitikia marahaba kwa mtu aliyemzidi umri, akaamuru waanze upya, yeye ndiye aamkie. Misambi walisubiri.

Mwaka 2024 alianza kusumbuliwa na kisukari, kisha figo. Alitibiwa katika hospitali ya wilaya na baadaye hospitali ya rufaa Mwanza, ambako madereva wake walimpeleka kwa zamu na kukataa malipo. Alipoona nguvu zinaisha aliomba arudishwe nyumbani. Alimwita Maduhu, akamwonyesha mahali shamba linapokutana na pori, akasema, "Hapa. Msisogee chini zaidi, mtawazibia misambi njia yao." Alifariki dunia nyumbani kwake Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya mkewe.

Mdogo wake alipiga simu kutoka Kibungo akilia, akisema, "Shemeji, mleteni kaka nyumbani, alale na wazee." Mama Deodata alimjibu, "Shemeji, njoo wewe. Kaka yako yupo nyumbani."

Jeneza hili limetengenezwa na mwanawe Novatus kwa mbao za kununua, maana hatukuthubutu kugusa mti wake hata mmoja. Kaburi limechimbwa na Maduhu kwa mikono yake, naye hakutaka kusaidiwa.

Marehemu ameacha mjane, Mama Deodata, watoto wanne, Novatus, Consolatha, Uwase na Ernesta, wajukuu tisa, mdogo wake, ambaye amefika na yuko nasi hapa, na misambi wa bondeni.

Mzee Anatoli wa Bukiriro hayupo tena kulisikia jibu. Lakini tangu leo, mtoto yeyote wa nyumba hii akiulizwa makaburi ya kwao yako wapi, atanyoosha kidole hapa.

Felisiani Hategekimana, mwenyeji wa Nyantakara, apumzike kwa amani.