Tableti Yenye Sauti Kubwa

Kijiwe chetu kiko Rubondo, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, upande wa juu wa bomba la maji: benchi moja ya mbao, birika langu la kahawa, na wanaume watatu wanaojua kila kitu isipokuwa kufanya kazi. Ladislas tunamwita Profesa, kwa sababu kule Burundi aliwahi kufundisha darasa la pili muhula mzima. Junior ni Gigabaiti, fundi wa simu. Amefungua simu nyingi, na baadhi amezifunga. Wa tatu ni Afande, mwanajeshi mstaafu wa kambi ya Makenke, ambaye hata sukari anaiomba kwa amri. Asubuhi hiyo Mariette, mwinjilisti wa kanisa letu dogo, alikaa nao akingoja gari la Mbarara. Akafanya kosa moja tu: aliomba ushauri.

— Bandugu, ninaenda kununua tableti ya kazi ya Mungu. Ndogo, iingie mu mufuko, juu ya vile natembeaka na miguu nyumba kwa nyumba. Na isikuwe ya bei kali. Nichague ya namna gani?

Vikombe vitatu viliwekwa chini kwa pamoja. Kazi imepatikana.

— Ya kwanza ni sauti, alisema Gigabaiti. Mama, tableti ni spika. Zile za bei ya chini zinaongeaka kama nzi mu chupa.

— Mimi nilifikiri kuangalia kioo kwanza. Kikuwe safi...

— Kioo ni ya kujiangalia. Neno la Mungu linaingilia mu masikio.

— Na betri?

— Wahenga walisema sikio halipiti kichwa, akaingilia Profesa. Maana yake, sauti haiwezi kuizidi tableti yake. Nunua kubwa.

— Nimesema ndogo, Profesa.

— Basi kubwa kidogo. Kama dirisha.

Afande alikohoa, na kwa kawaida Afande akikohoa huwa tayari ameshashinda mjadala.

— Nyinyi hapana jua kitu. Mama, sikiliza mimi. Debe tupu haliachi kuvuma. Sasa wewe nunua tableti tupu kabisa, haina kitu ndani. Hiyo itavuma mpaka Mbarara.

— Na Biblia nitaiweka wapi, Afande?

— Biblia wewe beba kwa mkono.

Niliwaongezea kahawa. Hekima ya namna hii haifai kuachwa ikauke kooni.

— Mimi nitaisaidia, alisema Gigabaiti. Nitaikamatanisha na honi ya pikipiki. Ukisoma Zaburi moja hapa, hata ng'ombe za kule mbali Bwizibwera zitaacha kukamuliwa.

— Vizuri sana, alisema Profesa. Na kama ni hivyo, kutembea kwa nini? Mama atakaa hapa hapa kwenye benchi, atahubiri, na Rubondo nzima itatubu ikiwa nyumbani kwake.

— Na mtu hataki kusikia? akauliza Afande.

— Sikio la kufa halisikii dawa, akajibu Profesa. Huyo ongeza sauti.

Mariette alitazama barabara. Mara kadhaa alikuwa amefungua kinywa, na kila mara mmoja wao alimjibu kabla hajasema. Mimi ningeshaondoka, lakini mimi si mwinjilisti.

Ndipo akaja Déo, mfyatua matofali wa jirani, pamoja na binti yake Sonia, fundi cherehani, aliyevaa nguo ya safari.

— Mama Mariette, Sonia iko tayari. Muende naye, yeye ndiye atachagua.

— Atachagua na nini? aliuliza Gigabaiti. Huyu si ni kiziwi?

— Ndiyo. Tableti ni ya bale basiosikia.

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile, Mariette aliachiwa nafasi ya kumaliza sentensi.

— Bako kila fasi, mu kila mtaa wa hapa, alisema. Pasta anabaweka kiti ya mbele, banaangalia kinywa chake mpaka ibada inaisha, banarudi nyumbani. Mama Apollinarie, ni mumoja wabo, alizika bwana yake. Tuliimba, tukaomba, tukahubiri asubuhi nzima. Hakuna mutu alimuambia hata neno moja. Alisimama pale anaangalia tu udongo.

Afande alivua kofia, kisha akaonekana hajui aiweke wapi.

— Kuko video za Habari Njema kwa lugha ya ishara, aliendelea Mariette. Sonia alisoma ishara kule nyumbani mbele ya kukimbilia hapa, na sasa anafundisha bengine, hata mimi ananifundisha. Lakini mu simu yangu mikono inaonekana kama miguu ya sisimizi. Nataka kioo ya kutosha, betri ya kumaliza siku, na fasi ya kuweka video ndani, juu ya vile kule mitaani hakuna rezo ya simu. Sauti, kama haina kabisa, nitaomba banipunguzie bei.

Gigabaiti alichunguza sana kitako cha kikombe chake. Lakini Profesa ni mwalimu, na mwalimu hawezi kuacha kimya kikae bila kukisahihisha. Alimgeukia Sonia, akapanua mdomo kama anayeng'olewa jino, akapaza sauti hadi watu wa bombani wakageuka:

— HA-BA-RI YA A-SU-BU-HI!

Sonia alimwangalia kwa makini, kwa heshima kabisa. Kisha akamgeukia baba yake na mikono yake ikazungumza, upesi.

— Amesema nini? aliuliza Profesa.

Déo alisita.

— Anauliza tu, mzee.

— Anauliza nini?

— Anasema kila siku akipita hapa anaona munafungua vinywa, asubuhi mpaka magaribi. Anauliza, munakuwaga na njaa?

Gari la Mbarara lilifika, Mariette na Sonia wakapanda, likaondoka. Afande akaniomba sukari, safari hii bila amri.