Sufuria Isiyo na Nyama: Maisha ya Mama Beldina Amolo Ogola, 1938–1997

Mama Beldina alizaliwa tarehe 12 Machi 1938 huko Asembo, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Obiero. Alisoma hadi darasa la nne. Alikuwa wa pili darasani, lakini ada ilitosha mtoto mmoja, ikaenda kwa kaka yake aliyekuwa wa mwisho katika darasa lake. Hakulisahau jambo hilo, na familia haioni sababu ya kulificha leo.

Mwaka 1957 aliolewa na Dalmas Ogola wa hapa Kombewa, fundi wa reli, wakaishi Kaloleni, Kisumu. Walijaliwa mapacha, Apiyo na Adongo, kisha Oketch. Mzee Dalmas alifariki mwaka 1983.

Kuanzia 1971 hadi 1993 Mama alikuwa mpishi wa shule moja ya msingi mjini. Wazazi walichangia nyama ya kila Ijumaa. Mwaka wa njaa, 1984, aliiona nyama hiyo ikitoka kwa mlango wa nyuma wa jikoni, imefungwa kwa gazeti, kwenda nyumbani kwa wanakamati wa shule. Watoto wakabaki na mchuzi wa maji. Aliposimama mkutanoni kuuliza, alijibiwa, "Mama, wewe pika."

Akapika. Aliloweka maharagwe tangu jana yake, akamwaga yale maji, akachemsha maharagwe polepole. Chumvi aliitia yalipokwisha kulainika, maana ikitangulia yanabaki magumu. Aliponda maharagwe ya upawa mmoja mle mle sufuriani ili supu iwe nzito, akatia vitunguu na nyanya alizokaanga, karoti, viazi, na mwisho karanga zilizosagwa. Watoto walishiba. Siku hiyo aliapa kwamba nyama haitaingia sufuria yake, hata nyumbani, mpaka ile ya watoto ipite mlango wa mbele. Alistaafu haijapita.

Alisemwa sana. Eti mchoyo, eti anawadharau wageni. Desemba 1988, wakwe wa Apiyo walipokuja Kaloleni, Dorca, mke wa shemeji yake, alitumbukiza mfupa wa ng'ombe kwenye supu kisirisiri. Mama akaugonga kwa mwiko.

"Dorca, huu umeingiaje?"

"Mama Apiyo, nimekuokoa. Wakwe watasema nini?"

"Watasema walikula kwa Beldina. Hii sufuria ni yako sasa, umalize."

Akaenda kwa jirani yake, Jentrix Nabututu, akaomba maharagwe aliyokuwa ameloweka, akaanza upya. Wakwe walikula saa kumi jioni. Mzee wao aliongezwa mara mbili, kisha akauliza, "Mama, nyama umeificha wapi?"

"Hakuna, Mzee. Ni karanga."

Dorca alicheka kuliko wote, na tangu siku hiyo alikuwa rafiki yake.

Mwaka 1995 Mama alipatikana na ugonjwa wa sukari. Alilazwa Aprili mwaka huu, akarudi nyumbani Juni, akafariki Ijumaa, tarehe 8 Agosti 1997. Wiki yake ya mwisho alimwambia Apiyo, "Siku yangu mpike ile ile. Msiniaibishe."

Jana jioni fahali aliletwa hapa na mmoja wa wanakamati wa wakati ule. Anajijua, na ameketi nasi. Familia imeambiwa kwamba mazishi bila nyama ni aibu kwa ukoo. Aibu ilikuwa mwaka 1984, na hakuna aliyeitaja isipokuwa mpishi. Mwenye fahali anaombwa amfungue, aende naye, na apite lango la mbele, watu wakiona.

Sufuria tatu ziko motoni. Jentrix ameshika mwiko, na Dorca anasaga karanga.

Mama Beldina ameacha watoto watatu, wajukuu wanane, dada yake Mama Nabwire, na watoto wa shule wasiohesabika, ambao sasa ni watu wazima na wengi wao wamo humu.

Lala kwa amani, Mama. Hakuna atakayetia mfupa.