Mwalimu Rubeni Sheshe na Makundi Kumi na Saba ya Galaksi

Baba Mchungaji, ndugu na majirani, mimi ni Dina, mdogo wake marehemu kutoka Lukozi, na kwa kuwa hakuacha mtoto wa kumsomea, ukoo umenipa mimi karatasi hii.

Mwalimu Rubeni Sheshe alizaliwa hapa Bumbuli tarehe 14 Machi 1941, akasoma shule ya msingi hapa hapa, sekondari Tanga, akahitimu fizikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968, akafundisha hadi alipopunguzwa kazini tarehe 30 Juni 1993. Alifunga ndoa na Secilia tarehe 12 Desemba 1970, hawakujaliwa watoto, naye Secilia akamtangulia mwaka 1986.

Akabaki na swali lake. Galaksi zinazokaa kundi moja huenda kasi mno, hata uzito unaoonekana hautoshi kuzizuia zisitawanyike, wataalamu wengi wakasema upo uzito uliofichika, kaka akasema hapana, kanuni ya uvutano ndiyo yenye kasoro, akatunga yake, akaijaribu miaka mitano kwa kikokotoo na vipimo vya makundi kumi na saba alivyoletewa kwa posta. Sisi tulisema anapiga falaki. Waliopotelewa na mbuzi walimwendea, wachuuzi wa soko huria wakamwuliza siku njema ya kusafirisha kabichi, naye akawajibu hajui, akawachemshia chai, akawasihi wasiondoke haraka. Walipoona hatabiri, wakaacha kwenda.

Tarehe 9 Februari mwaka huu alikuja Lukozi, akanikuta napakia karoti, lori linapiga honi, akasema Dina, nimemaliza, nikamwambia kaka, utanieleza kesho nikija, akasema haya, akanisaidia kufunga magunia mawili, akarudi zake. Kesho yake sikwenda, wala mwezi uliofuata.

Mwezi Mei aliugua moyo, akalazwa, akafariki Jumapili tarehe 6 Juni 1999. Daftari lake, ukurasa wa tarehe 8 Februari, linasema: kanuni yangu inafaa kwa galaksi moja moja, lakini katika makundi yote kumi na saba uzito unaoonekana bado hautoshi, nimekosea, kesho nitamweleza Dina.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokunywa chai yake, walimu wenzake, na hasa Mwalimu Abrahamu, aliyenifafanulia daftari hili kwa siku mbili, nikaelewa yale ambayo kaka angenieleza mwenyewe.

Shikamoo kaka. Leo hakuna lori linaloningoja. Pumzika kwa amani.