Buibui wa Fundi Redio

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la Dobi, pale mvuke wa pasi unapokutana na harufu ya kahawa. Asubuhi ile Fundi Redio alikuja na kisanduku cha kioo, akakiweka katikati yetu. Ndani alikuwamo buibui wa Meksiko, mpana kama kiganja, mweusi, magoti ya rangi ya chungwa. Bintiye ndiye aliyemletea Fundi buibui huyo mzee alipofiwa na mke, ili chumbani kuwe na kitu chenye uhai. Sasa Fundi anaishi kwa mwanawe, na mke wa mwanawe ametoa kauli: mzee abaki, mdudu aondoke.

Dobi alihamia mwisho wa benchi.

— Huyo akikuuma, kesho unaamka una manyoya mgongoni.

— Haumi ovyo, Fundi akasema. Akiudhika anapangusa manyoya ya tumboni, yanakurukia. Unawashwa tu.

— Si ndiyo nasema? Manyoya yanahama.

Profesa, ambaye hajawahi kufundisha popote ila hapa kijiweni, akasafisha koo.

— Tuongee kisayansi. Magoti yale ni taa za breki. Wenzake wa nyuma wasimgonge.

— Wenzake gani? Fundi akauliza. Yuko peke yake.

— Ndiyo maana hajagongwa.

— Acha kutupiga kamba, Dobi akamwambia. Hizo ni antena. Miguu minane, kila mguu na stesheni yake. Yote tunayosema hapa yanafika kwao Meksiko.

— Kwa lugha gani? Profesa akauliza.

— Wana wakalimani.

Fundi hakucheka.

— Redio kweli anaijua, alisema. Nikiiwasha jioni, anatoka shimoni mwake, anakaa. Marehemu mke wangu alikuwa hivyo hivyo. Haongei, anakuja tu kukaa.

Tukanywa kahawa kidogo.

— Mgomee mkweo, Profesa akashauri. Nyumba ni ya mwanao.

— Ana mtoto mchanga, anaogopa. Simlaumu. Nimekuja kuuliza kama kuna atakayempokea.

Mimi nikasema nina paka. Profesa akasema chumba chake kina unyevu. Hakuna aliyemuuliza kama buibui anachukia unyevu.

Mpangaji mpya wa nyumba ya jirani, dada mshona nguo, alikuwa amesimama akisubiri kikombe. Hatukuwa tumemkaribisha hata kukaa. Akainama, akamtazama buibui, kisha akamtazama Fundi.

— Akishaondoka huyu, baba, jioni utakaa na nani?

Profesa akachungulia kikombe chake kitupu. Mimi nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Dobi ndiye aliyeinuka. Aliingia dukani, tukasikia akisogeza mabunda ya nguo. Akatokeza kichwa mlangoni.

— Rafu ya juu iko wazi, alisema. Jioni huwa nachelewa kufunga, njoo na redio yako. Ila kumlisha ni kazi yako, mimi siingizi mkono mle.