Fulana ya Kujitolea

Kijiwe chenyewe ni benchi moja mbele ya kibanda cha Fundi Viatu, mguu wake mmoja umetiwa tofali. Ijumaa hiyo jioni Sindano, mshonaji wa kiwanda cha nguo, alifika na fulana mpya mkononi, akaagiza kahawa bila hata kusalimia. Kifuani fulana iliandikwa TUNAJALI. Kesho yake kiwanda kilikuwa kinawapeleka wafanyakazi kwenye makao ya wazee, wakagawe sabuni na kupiga picha. Na kesho hiyohiyo mama yake, aliyepasuliwa jicho lake moja lililobaki, alikuwa anafunguliwa bandeji hospitalini. Sindano ndiye mtoto wake wa pekee.

Wenzake walitaka kujua kama ameomba ruhusa. Ameomba. Afisa utumishi alimjibu kwa upole kwamba kujitolea ni hiari, ila mikataba inakaribia kuisha na wasiojitolea watakumbukwa.

— Hiari gani hiyo yenye kinyongo? aliuliza Fundi Viatu.

Wakili, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu kwa kesi ya kuku, alikunja nne. Kwa maelezo yake, wanunuzi wa nje hawachukui shati mpaka waone picha ya mzee anacheka. Fundi Viatu akasema basi wazee nao ni waajiriwa, walipwe kwa kucheka siku ya mapumziko.

— Dawa ni moja, alisema Wakili. Mpeleke bi mkubwa makao leo hii. Kesho unamkuta kule kikazi, unamshika mkono, mnapigwa picha, mkataba huo.

Sindano alicheka kidogo, ingawa roho ilikuwa juu. Mwaka jana alipigwa picha ameshika mkono wa bibi mmoja, ikabandikwa getini. Jina la yule bibi hakuwahi kumuuliza, na sasa jambo hilo lilimuuma.

Pembeni alikaa mama mmoja mgeni, mguu peku, akisubiri kiatu chake kishonwe.

— Samahani, mwanangu. Bandeji ikitolewa kesho, mama atamwona nani kwanza?

Muuza kahawa aliinamisha birika, likatoa matone mawili. Sindano aliikunja ile fulana vizuri, mikono ndani, kama wanavyokunja za kuuza, akampa Fundi Viatu.

— Itakufaa kupigia rangi viatu, alisema.