Daktari Debra na Kondoo Wake Wanane

Mchungaji, wazee wa boma hili la Oyugi, wakwe zetu mliotoka Nyamasaria, majirani wa Katito, na nyinyi wote mlioketi kwa tenti na mlioketi kwa jua, mimi ni Gordon, mdogo wake Obonyo mwenye msiba, na nimepewa kusoma maisha ya shemeji yangu kwa sababu hapa nyumbani mimi ndiye niko na digrii na mimi ndiye sina kazi, kwa hivyo nafasi ya kuandika ninayo tele.

Marehemu Daktari Debra Apondi alizaliwa tarehe 14 Mei 1984 huko Nyamasaria, mtoto wa tatu wa Mama Dorca, aliyekuwa akiuza nguo kando ya barabara ya Nairobi, akasoma shule ya msingi karibu na kwao hadi mwaka 1998, akamaliza sekondari mwaka 2002, na akaingia chuo kikuu Nairobi kusomea udaktari wa mifugo, ambako alihitimu mwaka 2009, wakati digrii bado ilikuwa inaajiri mtu.

Mwaka 2010 aliajiriwa ofisi ya mifugo Sondu, na tarehe 11 Desemba mwaka huo huo alifunga ndoa na kaka yangu Obonyo, wakabarikiwa na Lornah mwaka 2012 na Caren mwaka 2016, na wazee mlioketi hapo mbele mnakumbuka kwamba kwa miaka yote hiyo hakuna ng'ombe wa ukoo huu aliyezaa vibaya Debra akakosa kuja, saa yoyote, na gumboots zake.

Mama Dorca alifariki tarehe 2 Agosti 2017. Figo zake zilikuwa zimekufa, lakini kilichomaliza maneno ni mishipa ya mikono, maana mtu wa dialysis, ile mashine ya kusafisha damu, huchomwa sindano mpaka mshipa unachoka, na siku ilifika ambapo mashine ipo, daktari yupo, mgonjwa yupo, na mahali pa kuchoma hakuna. Debra alishika ule mkono. Mwaka 2018 aliacha Sondu akaenda kituo cha utafiti nje ya Kisumu, kulikokuwa na kazi ya kutengeneza mshipa bandia, na nitaueleza kwa Kiswahili rahisi kwa sababu yeye alinieleza hivyo: ni kamrija kembamba kuliko mrija wa soda, kamefumwa kwa uzi unaoyeyuka mwilini kama ule wa kushona kidonda, unakashona kwa mshipa wa damu, mwili unajenga mshipa wake wenyewe juu yake, na polepole kamrija kanaisha, anabaki mtu na mshipa wake.

Lakini huwezi kuanza na mtu, unaanza na mnyama. Mwezi Juni 2024, yeye na mwenzake Daktari Amrit walishona kamrija hako kwa shingo za kondoo wanane, na mpango ulikuwa kondoo hao waishi mwaka mmoja na nusu, kisha shingo zifunguliwe maabara na kuangaliwa kama mshipa mpya umesimama au umevimba ukapasuka. Desemba 2024 wafadhili waliandika email ya mistari minne, thank you for your partnership, na kituo kikafungwa. Kondoo walikuwa wauawe. Debra aliomba kamati ya kituo imruhusu awapeleke kufugwa nyumbani, akiwapima kila mwezi, na kamati ikakubali, na kwa sababu alituamini kama watu wake, akatuletea sisi.

Saba walikuja hapa Katito. Baba mdogo Absalom alichukua watatu, wanne wakagawanywa kwa maboma manne ambayo sitataja, mnajijua, na wa nane alipelekwa Sondu kwa rafiki yake Rachael. Debra alisimama pale mlangoni pa jikoni akasema, nami nilikuwepo, "Wazee wangu, naomba kitu kimoja tu. Msimchinje hata mmoja mpaka Desemba ya mwaka ujao. Akiugua niiteni, akifa niiteni kabla hajaguswa, nataka shingo." Baba mdogo akamjibu, "Nyathina, mtoto wangu, kwani sisi ni fisi?" Watu wakacheka, yeye pia akacheka.

Sasa, sisi watu wa hapa tukimfugia mtu mnyama wake, huyo mnyama akifa tunampelekea mwenyewe ngozi, na hiyo kesi imeisha. Machi ikaja ngozi ya kwanza, eti baridi. Aprili ikaja ya pili, eti mbwa, na hiyo wiki boma hilo lilikuwa na wageni wa posa. Mei zikaja mbili. Kila mara ngozi imekunjwa vizuri, imepakwa chumvi, imeletwa kwa heshima na mtu mzima anayemwangalia Debra machoni, na kila mara anauliza, "Na shingo?" na mtu mzima anashangaa, shingo tena ya nini na ngozi si hii? Wapendwa, mnyama anachinjwa wapi? Kisu cha kwanza kilipita pale pale kwa ile kazi yake. Mlikuwa mnampelekea risiti ya kitu mlichokwisha kula.

Tarehe 19 Agosti 2025 shemeji alipatikana na saratani ya ini, ikiwa imeenda mbali. Hakumuuliza daktari amebakiwa na muda gani. Aliuliza Desemba ni mbali kiasi gani.

Jumapili tarehe 5 Oktoba 2025 ukoo huu ulikuja kumwombea. Ilikuwa ibada nzuri, watu walilia, na baadaye baba mdogo mwenyewe alimletea supu kwa kikombe. Debra alionja, akakiangalia kile kikombe, akasema, "Baba, huyu ninayekunywa ni nani?"

"Kunywa, nyathina. Ni kondoo tu."

"Wangu?"

"Wote watatu, mama. Watu walikuwa wengi. Halafu wako ndio walikuwa wamenona, kwani tungempikia mgonjwa kondoo konda?"

"Na shingo?"

"Shingo walikula vijana."

Alimaliza supu yote, kwa sababu mke wa boma hamrudishii baba mkwe kikombe nusu. Najua baba mdogo anakohoa sasa hivi. Kohoa tu, jaduong', mzee wangu, microphone ni yangu. Ulimpenda, hilo sikatai, na ulimchinjia matumaini yake ukamnywesha, na ukasema Amina.

Tarehe 27 Desemba 2025 Daktari Amrit alienda Sondu na mashine ya kuangalia mshipa, akampigia Debra simu, akaweka ile mashine kwa shingo ya kondoo wa Rachael, na sisi tuliokuwa chumbani tukasikia damu inapita, shwaa, shwaa, shwaa. Kamrija kalikuwa kameisha. Mshipa ulikuwa wa kondoo mwenyewe. Debra alicheka mpaka akashika ubavu, halafu akasema, "Amrit, tuna wangapi?" Amrit akasema, mmoja. "Basi andika mmoja. Usiniongezee." Na mmoja, wapendwa, si utafiti, ni bahati, hakuna kamati duniani itakayoruhusu mtu ashonwe kitu kwa sababu ya kondoo mmoja wa Sondu. Alikuwa sawa, na hakuna atakayeweza kusema alikuwa sawa. Na hapa kwa hii tenti kuna watu wenye mikono imejaa makovu ya sindano, mnawajua, ni wa kwenu.

Alipumzika Jumanne tarehe 20 Januari 2026, asubuhi, mkono wake ukiwa kwa Obonyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza bila kumdanganya, majirani mliochota maji na kukesha, Daktari Amrit aliyemlipia kondoo nyasi mwaka mzima, na Mama Rachael wa Sondu, ambaye hana digrii ya kondoo wala ukoo na sisi, aliombwa asichinje na hakuchinja, ero kamano, asante sana.

La mwisho. Vijana wameniuliza tangu jana ng'ombe amefungwa wapi, na wazee wananong'ona kwamba matanga bila nyama ni aibu ya boma. Marehemu alisema, mbele ya Obonyo na Lornah, kwamba siku ya kumzika hakuna mnyama atakayeguswa, na Obonyo amekubali. Kuna nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, sufuria sita, zimeiva. Mtakula hiyo, au mtaenda nyumbani na njaa.

Oriti, kwaheri, Daktari Debra. Pumzika kwa amani, shem, leo hakuna shingo iliyokatwa kwa jina lako.